UZI: Bikoni ya WSPR ya miliwati 200, mita 20, ya kuunda mwenyewe mezani (Uganda)

#1 MawimbiMafupi, Kampala

Wakuu, maswali ya bikoni yamezagaa kwenye nyuzi tofauti na majibu mengine yanapingana. Tuyakusanye hapa. Kwa wageni: bikoni ni transmita ndogo inayojirusha yenyewe kwa ratiba, inataja alama yake ya wito na mahali ilipo, na walio mbali wakiipata wanajua njia ya mawimbi iko wazi. Hii ni ya WSPR (mtindo wa kidijitali wa kutuma ishara dhaifu), bendi ya mita 20 yaani MHz 14, miliwati 200. Pasi ya kulehemu na mita ya kawaida zinatosha kuiunda.

Leseni kwanza. Kurusha hewani kunahitaji leseni ya redio ya ridhaa kutoka UCC (tume ya mawasiliano ya Uganda), na alama ya wito ya hapa inaanza na 5X. Ambaye hajaipata ajenge, apime kwenye mzigo bandia (rezista zinazokaa badala ya antena), aishie hapo.

WSPR ilitungwa na Joe Taylor, K1JT, mwaka 2008 (ndiye yule wa Nobel ya fizikia ya 1993). Ujumbe una vitu vitatu tu: alama ya wito, gridi (msimbo wa mahali ulipo, herufi mbili na tarakimu mbili), na nguvu kwa dBm (desibeli kulinganisha na miliwati moja). Unarushwa kwa toni nne zilizoachana hezi 1.46, upana wote kama hezi 6. Simboli ni 162, kila moja sekunde 0.683, jumla sekunde 110.6, na kurusha kunaanza sekunde moja baada ya dakika shufwa kuingia. Kompyuta ya mpokeaji inaweza kuusimbua hata ishara ikiwa desibeli 28 chini ya kelele, kelele ikipimwa kwenye upana wa hezi 2500.

Kwa hiyo msikimbilie wati. Bikoni ya miliwati 200 isiyopatikana popote, mara nyingi nguvu inayo. Ama saa yake si sahihi, ama masafa yako nje ya dirisha, ama yanahama wakati wa kurusha.

Vifaa:
– Arduino Nano (kompyuta ndogo ya kuendesha bikoni)
– moduli ya Si5351A (inazalisha masafa; CLK0 na CLK1 ni milango yake ya kutolea) yenye regyuleta yake ya volti 3.3
– moduli ya GPS NEO-6M yenye pini ya PPS (pigo moja kila sekunde)
– transista BS170 mbili, miguu yake ni geti, dreini na sosi (nunua tano, utaua mojawapo)
– toroidi (pete za kusukia koili) T37-6 za njano tatu, FT37-43 moja
– kapasita za C0G: 180 pF mbili, 390 pF mbili
– 100 nF sita, 47 µF moja
– potenshiamita ya kilo-ohm 10 ya mizunguko mingi, na rezista ya kilo-ohm 10
– waya wa shaba wenye vanishi wa mm 0.4, mita moja na nusu. Mafundi wanaosuka mota Katwe wanao wa kukukatia.

Waya za udhibiti: A4 ya Nano kwenda SDA, A5 kwenda SCL. TX ya GPS kwenda D8, PPS kwenda D2. Ukikagua laini ya I2C, Si5351 inajibu kwenye anwani 0x60. Isipojibu, usiendelee na kitu kingine.

Upande wa nguvu: CLK0 inapita kapasita ya 100 nF hadi kwenye mageti ya BS170 zote mbili, zilizounganishwa sambamba. Potenshiamita inakaa kati ya volti 5 na gandi, na mguu wake wa kati unapeleka volti ya kuegemeza kwenye mageti kupitia rezista ya kilo-ohm 10. Mguu huo wa kati uupe 100 nF kwenda gandi. Sosi zote mbili gandi. Dreini zinapata volti 5 kupitia choki (koili ya kuzuia ishara isirudi kwenye chanzo) ya mizunguko 10 kwenye FT37-43, yaani kama µH 35, ambayo kwenye MHz 14 ni ukinzani wa takriban ohm 3,000. Kutoka kwenye dreini ishara inapita 100 nF nyingine na kuingia kwenye kichujio. Pale choki inapopokea volti 5, weka 47 µF na 100 nF pamoja, miguu mifupi kabisa.

Volti 5 ya dreini itoke moja kwa moja kwenye chanzo. Usiivute kwenye pini ya Nano.

#2 MawimbiMafupi, Kampala

Kichujio nimekipa posti yake kwa sababu ndicho watu wanachokiruka.

Si5351 inatoa wimbi la mraba. Wimbi la mraba limejaa hamoniki (masafa ya ziada, mara kadhaa ya lile kuu): ya tatu ya MHz 14.097 iko 42.29, ya tano 70.5, na ya saba inaangukia 98.7, katikati kabisa ya FM. Jirani anayesikiliza redio Kampala atakufahamu kabla ya mtu wa Ulaya kukupata. Lenga kuzishusha hamoniki desibeli 43 au zaidi chini ya ishara kuu.

Kichujio cha mita 20 kina kapasita nne na koili tatu. Kutoka kwenye transista kwenda antena: 180 pF gandi, koili ya mizunguko 16, 390 pF gandi, koili ya mizunguko 17, 390 pF gandi, koili ya mizunguko 16, 180 pF gandi. Koili zote ni T37-6. Kila waya unapopita ndani ya tundu ni mzunguko mmoja, hata ule wa kwanza ulioingia tu na kutoka. Mtu anayehesabu nje ya pete hupata mmoja pungufu au zaidi, kisha anailaumu kapasita. Tandaza mizunguko izunguke pete karibu yote, acha nafasi kama ya digrii 30.

Kapasita ziwe C0G, ambazo wengine huziita NP0. Zile za kahawia za X7R zinabadilisha thamani kwa joto na kwa volti, na zinakula nguvu. Za X7R ziacheni kwenye 100 nF za kupitisha tu.

Vanishi ya waya ikwanguliwe kwa wembe hadi shaba ing'ae. Lehemu inayokaa juu ya vanishi huonekana nzuri na haipitishi kitu.

#3 Fundi_Walukuba, Jinja

Shukrani mkuu. Ongezea hili kwenye vifaa: BS170 na 2N7000 zinafanana kwa umbo na mwuzaji atakwambia ni kitu kimoja. Miguu imegeuzwa. Ukiitazama sura bapa ikikuelekea, BS170 ni dreini, geti, sosi kutoka kushoto. 2N7000 ni sosi, geti, dreini.

Ukiiweka kinyume, ile diodi iliyo ndani ya transista inaelekea upande wa kupitisha, kwa hiyo volti 5 inakimbia kupitia choki moja kwa moja hadi gandi. Chanzo kinazama, transista inaunguza kidole, na wewe unatafuta hitilafu kwenye programu. Kabla ya kuwasha, pima ohm kati ya laini ya volti 5 na gandi pande zote mbili za mita.

2N7000 inafanya kazi ukiigeuza, lakini mkondo wake ni mA 200 dhidi ya mA 500 za BS170. Weka tatu badala ya mbili.

#4 SolaArua

Maswali mawili kwa wakubwa. Nimepata T37-2 nyekundu tu, za njano hakuna. Naweza kuzitumia? Na zile pete ndogo za ndani ya balbu za kuokoa umeme zilizoungua, ninazo ndoo nzima.

#5 MamaKristali, Entebbe

Kaka, nyekundu zinafaa kwa mita 20. Badilisha hesabu tu. T37-6 inatoa nH 3.0 kwa kila mzunguko uliopigwa mraba, T37-2 inatoa 4.0. Mizunguko 16 ya njano ni 16 × 16 × 3.0 = nH 768. Kwa nyekundu, 14 × 14 × 4.0 = nH 784. Basi 16 inakuwa 14. Ya katikati, 17 ya njano ni nH 867. Nyekundu 15 ni 900. Inatosha. Ukiona nguvu imepungua kidogo, bana au panua mizunguko, koili inajirekebisha kwa asilimia kadhaa.

Pete za balbu hapana, si kwenye kichujio. Ni feraiti isiyojulikana, thamani yake ni kubwa mara mamia, na inapotea sana kwenye MHz 14. Kwenye choki ya dreini unaweza kujaribu: mizunguko 8 hadi 10, na ukiona pete inapata joto baada ya dakika mbili za kurusha, itupe.

#6 MawimbiMafupi, Kampala

Kurekebisha. Hapa ndipo transista hufa, kwa hiyo fuateni mpangilio.

Tengeneza mzigo bandia: rezista mbili za ohm 100 sambamba, za filamu, zisiwe za waya uliosukwa kwa sababu hizo ni koili. Kipimo cha nguvu ni diodi 1N4148 kutoka kwenye mzigo, upande wa pili 10 nF gandi, na mita ya DC juu ya kapasita hiyo. Nguvu kwa wati ni (volti uliyosoma + 0.6), ipige mraba, gawa kwa 100. Volti 3.9 ni miliwati 200. Hesabu ya volti 5 kwenye ohm 50 ina ukomo kama miliwati 250, kwa hiyo anayedai amepata wati nzima bila kuongeza volti, asome mita yake upya.

Zungusha potenshiamita hadi geti liwe volti 0. Weka mita ya mkondo kwenye laini ya volti 5 ya dreini peke yake. CLK0 ikiwa imezimwa, panda polepole. Karibu na volti 2 mkondo utaanza kuchezacheza. Ukifika mA 1 au 2, rudi nyuma kidogo hadi sifuri. Acha hapo. Sasa washa CLK0. Mkondo uruke hadi mA 60 au 80, na kipimo kisome karibu volti 3.9.

Ukipanda zaidi ya hapo ukitafuta nguvu, transista zitapitisha mkondo hata wakati bikoni imenyamaza, na bikoni inanyamaza muda mwingi kuliko inavyorusha. Zinapikika kimyakimya. BS170 iliyorekebishwa vizuri baada ya sekunde 110 huwa vuguvugu tu.

#7 Kebo_za_Bombo

Swali la kitaalamu: kwa nini usiendeshe mageti kwa IC ya mantiki badala ya kuhangaika na potenshiamita?

#8 MawimbiMafupi

Inawezekana, na ni safi zaidi: volti ya geti inakuwa 0 au 5, hakuna cha kurekebisha. Lakini iwe 74ACT00. Watu wanachukua 74HC00 kwa sababu ndiyo iliyopo dukani. Ikiwa na volti 5 inataka kuona 3.5 ndipo iamini ni "juu", na Si5351 inatoa 3.3. Itafanya kazi mezani asubuhi na kugoma mchana. ACT inaridhika na 2.0.

#9 SolaArua

Imewaka. Volti 3.7 kwenye kipimo, mkondo mA 64. Nimeiweka kwenye antena, siku mbili ramani ya WSPRnet (tovuti ya ripoti za wapokeaji) haina kitu. RTL-SDR (kipokezi cha kompyuta) hapa hapa ndani inaonyesha mstari unatoka, ila WSJT-X (programu ya kusimbua) haisimbui hata kwa mita tatu.

#10 MamaKristali, Entebbe

Kama haisimbuliki kwa mita tatu, achana na antena. Ni saa, masafa au mwendo wa simboli. Twende moja moja.

Masafa. Mita 20 unaweka kipokezi 14.0956 MHz USB (upande wa juu wa masafa), na dirisha la kurushia ni 14.0970 hadi 14.0972. Hezi 200 tu, kwa dunia nzima. Kristali ya moduli za bei nafuu inaweza kukosea sehemu 15 kwa milioni, na kwenye MHz 14.0971 hizo ni hezi 211, ushatoka nje. Maktaba ya Si5351 ya Etherkit inapokea masafa kwa sehemu za mia za hezi, kwa hiyo 14.0971 MHz inaandikwa 1409710000. Ukisahau sifuri moja unarusha 1,409 kHz kwenye wimbi la kati.

Kusahihisha: washa CLK1 iwe MHz 5 kamili, ipeleke D5, ambayo ndiyo mlango wa kuhesabia wa taima 1. Hesabu mapigo kwa sekunde 10 za PPS. Unatarajia 50,000,000. Ukipata 50,000,750 umekosea sehemu 15 kwa milioni kwenda juu. Usitumie MHz 10 moja kwa moja, Nano haiwezi kuhesabu kasi hiyo. Na D5 inataka volti 3.0 ili ione "juu", Si5351 inatoa 3.3, nafasi ni ndogo, kwa hiyo waya uwe mfupi.

Mwendo wa simboli. Hili ndilo nashuku kwako. Nano nyingi zinaendeshwa na resoneta ya seramiki, si kristali, na resoneta inaweza kukosea hadi asilimia 0.5. Zidisha kwa simboli 162: ukifika mwisho umeteleza karibu simboli nzima, na hakuna kitakachosimbuliwa ingawa mstari unaonekana mzuri kabisa. Pima: acha Nano ihesabu milisekunde kati ya PPS mbili zilizoachana sekunde 100. Ikisoma 100,300 badala ya 100,000, basi kila "683" ya programu yako irefushe kwa uwiano huo huo.

Kingine, zima SoftwareSerial kabla ya kurusha. Inapopokea kila herufi ya GPS inafunga vikatizo, na simboli zinachelewa ovyo ovyo.

Saa. NEO-6M ambayo betri yake ndogo imekufa huanza na idadi ya zamani ya sekunde za ziada hadi ipokee almanaki kamili, kazi ya dakika 12 na nusu. Katika muda huo saa yake inaweza kukosea sekunde mbili tatu, na WSPR haivumilii kiasi hicho. Andika programu isubiri dakika 15 baada ya GPS kushika setilaiti. Na kumbuka GPS haioni kupitia bati. Antena yake ndogo itoke nje ya paa, au ikae dirishani mbali na bati.

#11 SolaArua

Dada, ilikuwa resoneta. Ilisoma 100,420. Imesimbuliwa.

#12 Fundi_Walukuba, Jinja

Kuhusu saa: UTC iko saa tatu nyuma ya saa yetu ya Afrika Mashariki, lakini kwa anayesoma saa kwa Kiswahili hesabu ni rahisi: ongeza tatu. Saa 1 asubuhi ni 04 UTC, saa 6 mchana ni 09, saa 12 jioni ni 15. Usiku nako ni hivyo hivyo, ila unakumbuka kuongeza 12: saa 1 usiku ni 16 (ikifika 24, toa 24). Kwa kurusha haijalishi, dakika shufwa ni shufwa popote, lakini ukisoma ripoti unataka kujua ilikuwa mchana au usiku.

Na gridi. Kampala, Entebbe, Jinja na Bombo zote ni KJ60. Gulu KJ62, Arua KJ53, Mbale KJ71. Mbarara na Masaka ni KI59, kwa sababu ukivuka Ikweta pale Kayabwe herufi ya pili inageuka kutoka J kuwa I. Ukinakili programu ya mtu wa Kampala ukiwa Masaka, ramani itakuchora Kaskazini ya Ikweta.

#13 Kebo_za_Bombo

Antena niachieni mimi.

Daipoli ya nusu wimbi: 142.6 gawa kwa MHz. Kwa 14.0971 ni mita 10.12, kila upande 5.06. Waya wa umeme wa nyumbani wa mm za mraba 1.5 unafaa, lakini plastiki yake inafanya waya uwe mrefu kiumeme, utakata asilimia 2 au 3 zaidi. Anza na 5.30 kila upande, inua, pima kwa NanoVNA (kipimo kidogo cha antena). Urefu mpya ni urefu wa sasa mara masafa uliyoyapata, gawa kwa masafa unayotaka. Usikate kwa kukisia. Waya uliokatwa haurefuki, na kiungo cha kulehemu juu ya mlingoti ndicho kitakachooza kwanza.

Iweke kama V iliyopinduliwa, kilele mita 7 au 8, ncha zisishuke chini ya mita 2 watu wasije kuzishika. Mlingoti wa mkaratusi, kalitunsi tunavyouita hapa, ni rahisi kupatikana. Mwanzi pia, ila mchwa wataula kuanzia ardhini ndani ya msimu. Uinue juu ya kipande cha bomba la chuma, usiuzike wenyewe.

Kebo: RG-58 ikipatikana. Isipopatikana, kebo ya dishi la TV ya ohm 75 inafaa kabisa, SWR (kipimo cha nguvu inayorudi) ya 1.5 kwa miliwati 200 haimuumizi mtu, na daipoli yenyewe ni karibu ohm 70. Shida yake ni suka la alumini lisiloshika lehemu. Tumia kiunganishi cha F cha kusokota, ukisongeshe kwa koleo, halafu funga utepe wa mpira unaojinasa. Maji yakiingia kwenye kebo ya povu hayatoki tena.

Baluni ya 1:1: mizunguko 8 ya kebo nyembamba kwenye FT140-43, au acha kebo yenyewe ijizungushe mara 8 kwenye duara la sentimita 15 hapo kwenye kilele. Bila hiyo kebo inakuwa sehemu ya antena, na RF (nguvu ya redio) inarudi kwenye boksi na kuivuruga GPS.

#14 MamaKristali, Entebbe

Na radi. Ukanda wa Ziwa Viktoria ni mojawapo ya sehemu zenye ngurumo nyingi duniani, na bikoni ni kitu kinachobaki kimeunganishwa hata mwenyewe hayupo.

BS170 haihitaji kupigwa na radi. Chaji inayokusanyika kwenye waya mawingu yakipita inatosha kuliua geti kupitia dreini. Weka rezista ya kilo-ohm 100 kutoka kwenye waya wa katikati wa kebo hadi gandi, pale kebo inapoingia kwenye boksi, chaji imwagike polepole. Pembeni yake arresta ya gesi ya volti 90, gandi yake iende kwenye fito ya shaba ya mita 1.5 au zaidi iliyopigwa nje ya ukuta, kwa waya mnene, ulionyooka, bila kona kali. Udongo wetu mwekundu ukikauka Januari au Julai haupitishi vizuri, mwaga maji pale fito ilipo.

Hayo yote yanazuia chaji na mipigo ya mbali. Pigo la moja kwa moja halizuiliki kwa kifaa cha mezani. Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, ukisikia ngurumo, chomoa kebo na uitupe nje ya dirisha.

#15 SolaArua

Umeme huku hauaminiki, nataka iishi kwa sola. Betri ya volti 12 ya Ah 7 na paneli ya wati 10, inatosha?

#16 MawimbiMafupi, Kampala

Inategemea unashushaje volti 12 kuwa 5. Nano kama mA 20, Si5351 kama 30, GPS 45, tuseme mA 100 zote. Transista mA 65, lakini kwa moja ya tano ya muda ukirusha mara moja kila dakika 10, kwa hiyo wastani ni mA 13. Jumla mA 113 kwenye volti 5.

Ukitumia 7805 (regyuleta inayochoma volti za ziada), betri inatoa mA 113 zile zile, na karibu wati moja inageuka joto. Kwa siku ni Ah 2.7. Betri ya risasi ya Ah 7 usiishushe chini ya nusu, basi una siku moja na kidogo bila jua. Paneli ya wati 10 inatoa kama A 0.55 kwa saa tano nzuri, yaani Ah 2.7. Hakuna akiba. Wiki ya mawingu itakuzima.

Kwa moduli ya LM2596 (inayoshusha volti kwa kuwasha na kuzima haraka), betri inatoa kama mA 54, Ah 1.3 kwa siku. Hapo paneli ya wati 10 inatosha na betri inakaa siku mbili na nusu. Moduli hiyo inapiga kelele kila kHz 150, kwa hiyo mbele ya dreini weka choki ya mizunguko 10 kwenye FT37-43 na kapasita nyingine ya 100 µF. Kama una kipokezi chumba hicho hicho, utaisikia.

Boksi likae chini ya upenu. Juu ya bati jua la saa sita linapasha kristali, wingu likipita inapoa, masafa yanapanda na kushuka. WSPR inavumilia kuhama kwa hezi chache kwa dakika na si zaidi. Anayeweza kupata Si5351 yenye TCXO (kristali inayofidia joto) aichukue, ni pesa iliyotumika vizuri kuliko transista ya tatu. Transista ziwe kona moja ya boksi, kristali kona nyingine. Matundu yafunikwe kwa wavu mwembamba. Sisimizi wanapenda joto la boksi na mayai yao yanashika unyevu kati ya miguu ya IC.

#17 Mzee_Morse, Mbale

Nyie vijana wa kompyuta. Bikoni ya kweli inasikika kwa sikio. Saketi hiyo hiyo, mita 10, CW (Morse) ya maneno 12 kwa dakika, nukta milisekunde 100.

#18 MamaKristali, Entebbe

Shikamoo mzee. Hatukatai, lakini mita 10 kwa CW ina masharti yake. 28.200 MHz ni ya bikoni za kimataifa za NCDXF na IARU (mashirika ya redio ya ridhaa), na mojawapo, 5Z4B, iko hapo Kenya. Ukikaa juu yake unawaharibia wote 18. Mpango wa Kanda ya 1 (yenye Ulaya na Afrika) unaweka bikoni za mfululizo kati ya 28.201 na 28.225, na hizo zinaratibiwa kwanza, hujichagulii nafasi. Kichujio kinabadilika: 56, 150, 150, 56 pF, na koili za mizunguko 10, 11, 10 kwenye T37-6.

Na usiwashe na kuzima CLK0 kwa ghafla, utatoa mibofyo kushoto na kulia. Ikate volti 5 ya dreini kupitia transista ya PNP yenye rezista na kapasita zinazoipandisha kwa milisekunde 5 hivi.

#19 Mzee_Morse, Mbale

Marahaba. Hilo la mibofyo umelisema vizuri.

#20 SolaArua

La mwisho. Sehemu ya nguvu niandike 200?

#21 Fundi_Walukuba, Jinja

Hapana, inataka dBm, na zinazokubalika zinaishia 0, 3 au 7. Miliwati 200 ni 23, miliwati 100 ni 20. Kwa volti 3.7 ulizosoma, 4.3 mraba gawa 100 ni miliwati 185, andika 23. Ukiandika 200, nguvu itakayotumwa haitakuwa sahihi.

Na kila kurusha chagua masafa tofauti ndani ya zile hezi 200, kwa nasibu, usikae pale pale. Acha hezi 10 kila ukingo.

#22 SolaArua

Sawa. 23.